Nani Apimaye Mvua ya Bahari?

Watu wa Mweso na wa milima yote ya Masisi hawana haja ya kufundishwa mvua ni nini. Yawajia karibu kila mwezi wa mwaka. Yaotesha maharage, viazi na mahindi, yanenepesha majani ya malisho, tena siku nyingine yateremsha udongo wa shamba zima mpaka bondeni. Lakini mtu akiuliza: mwaka uliopita ilinyesha mvua kiasi gani juu ya kilima hiki? Ni wachache sana watakaoweza kumjibu. Kuijua mvua ni jambo moja, kuipima ni jambo lingine.

Katika makala hii twataka kueleza jinsi wanadamu walivyojifunza kupima mvua ya mahali pasipokaa mtu hata mmoja, yaani bahari kuu za nchi za joto. Msomaji asiseme: bahari iko mbali, yatuhusu nini sisi watu wa Kivu? Yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya maji yanyeshayo duniani hutoka baharini, na bahari ikibadilika, mvua ya Afrika hubadilika pia. Pili, vyombo vilivyobuniwa kwa ajili ya bahari ndivyo vinavyoitazama leo milima yetu kutoka juu. Tutaona kwa nini.

MMONAKI NA CHOMBO CHA KIOO

Mwaka 1639 nchi ya Perugia, katika Italia, ilipata ukame. Ziwa Trasimeno lilishuka, na watu wakafadhaika. Palikuwa na mmonaki wa Mtakatifu Benedikto, jina lake Benedetto Castelli, mwanafunzi na rafiki wa Galileo. Mvua iliponyesha hatimaye, Castelli alitwaa chombo cha kioo chenye kimo cha kiganja tu, akakiweka nje mvuani, kisha akapima kina cha maji yaliyoingia ndani yake. Kutokana na kina hicho alihesabu ni kiasi gani mvua ile imeliongezea ziwa zima, akamwandikia Galileo habari hiyo. Wakorea walikuwa wamemtangulia: tangu mwaka 1441, katika enzi ya Mfalme Sejong, walikuwa na vyombo vya kupimia mvua. Lakini katika Ulaya sifa yamwendea mmonaki huyo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, hata mtoto wa shule aweza kuishika. Mvua ya milimita moja ni lita moja ya maji katika kila meta mraba. Basi mvua ya milimita 50 ikianguka juu ya shamba la hektari moja, shamba hilo limepokea lita 500,000, yaani uzito wa tani 500. Mtu akilifahamu neno hilo hatastaajabu tena kuona kilima kikiteleza.

Chombo cha Castelli kilienea duniani pote, nacho kilifika Kongo. Taasisi ya elimu ya kilimo iliyoitwa INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933, ilikuwa na vituo vyake, na kimojawapo kilikuwa Mulungu katika Kivu. Misioni, mashamba makubwa na vituo vya serikali navyo viliandika mvua yao. Kila asubuhi mtu mmoja alikwenda kwenye chombo, akasoma, akaandika tarakimu katika daftari, akamwaga maji, akarudi kazini. Kazi ndogo isiyo na sifa. Lakini kwa tarakimu hizo zilizokusanywa miaka na miaka, mtaalamu Franz Bultot aliweza kuchora ramani za hali ya hewa ya bonde lote la Kongo, zilizoanza kutolewa mwaka 1971.

BAHARI HAINA MAHALI PA KUWEKA CHOMBO

Sasa tugeuze macho baharini. Bahari yafunika karibu sehemu saba kwa kumi za uso wa dunia, na mvua nyingi zaidi ya dunia huanguka humo humo ilimotoka. Ni nani atakayekwenda kila asubuhi kusoma chombo huko?

Walijaribu kuweka vyombo juu ya meli. Lakini meli huyumba, upepo hurusha matone pembeni, na mawimbi hutia maji ya chumvi ndani ya chombo. Tena nahodha mwenye akili huikimbia dhoruba. Kwa hiyo pale mvua inapozidi ndipo palipokosa mpimaji. Walijaribu visiwa pia. Lakini kisiwa chenye milima hujivutia mawingu yake chenyewe, na mvua yake si mvua ya bahari iliyokizunguka.

Watu wa Kanisa walifanya kazi kubwa pwani. Padre Benito Viñes, Mjesuiti, aliyekuwa Havana katika Kuba, alitoa onyo la tufani mwaka 1875. Padre Federico Faura, wa shirika hilo hilo, alifanya vivyo hivyo Manila katika Ufilipino mwaka 1879. Karibu na sisi zaidi, Padre Élie Colin alianzisha kituo cha kuchunguza nyota na hewa huko Tananarive, Madagaska, mwaka 1889. Mapadre hao walisoma mawingu, upepo na uzito wa hewa, wakaokoa mabaharia wengi. Waliweza kusema dhoruba yaja na yatoka upande gani. Kiasi cha maji kilichoanguka baharini hawakuweza kukisema, wala mtu mwingine yeyote.

Kutojua huko kulikuwa na hasara, nasi Waafrika tuliionja. Mwishoni mwa mwaka 1961 Afrika ya Mashariki ilinyeshewa mvua isiyo ya kawaida. Mito ya Kenya na Tanganyika ilifurika, na Ziwa Viktoria likapanda mpaka, kufikia mwaka 1964, lilikuwa limezidi kimo chake cha zamani kwa zaidi ya meta mbili. Kwa nini? Wakati huo hakuna aliyeweza kueleza vizuri. Ilikuwa mwaka 1999 wataalamu walipoandika wazi kwamba miaka mingine upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, hupata joto kupita upande wa mashariki, na mawingu ya mvua huhamia huku. Ilikuwa hivyo mwaka 1961, ikawa hivyo tena mwaka 1997 na mwaka 2019. Shina la mvua lilikuwa baharini, mahali pasipo daftari.

MWANGWI WA MATONE

Msaada ulitoka katika chombo ambacho hakikuundwa kwa ajili ya mvua. Ni rada. Rada hutuma mawimbi ya redio. Yakigonga kitu hurudi kama mwangwi wa sauti urudivyo kutoka mlimani. Mwangwi ukichelewa, kitu kiko mbali. Ukirudi upesi, kiko karibu. Katika Vita ya Pili ya Dunia rada ilitumika kutafuta ndege na meli za adui. Waliokaa mbele ya mitambo hiyo walisumbuliwa na madoa yaliyotanda juu ya kioo na kuficha walichokitafuta. Madoa hayo yalikuwa mvua.

Vita ilipokwisha, usumbufu ukageuka kuwa elimu. Huko Montreal, Kanada, mabwana Marshall na Palmer waliyanasa matone ya mvua juu ya karatasi iliyotiwa rangi, wakapima ukubwa wa madoa yake, wakalinganisha na mwangwi wa rada. Mwaka 1948 walitangaza waliyoyaona.

Hapa pana ugumu mmoja ambao msomaji afahamu, maana habari yote inayofuata yategemea huo. Tone moja likiwa na upana mara mbili ya lingine, lina maji mara 8. Lakini mwangwi wake ni mkubwa mara 64. Kwa hiyo tone moja kubwa na matone 64 madogo huonekana sawasawa machoni pa rada, ingawa yale madogo yakichanganywa yana maji mara 8 kuliko lile kubwa. Rada yaona mwangwi, haioni maji. Asiyejua ukubwa wa matone atakosea hesabu, tena kosa kubwa. Na mvua ya bahari ya nchi za joto mara nyingi ina matone madogo mengi, tofauti na matone mazito ya ngurumo za nchi kavu. Kanuni iliyopatikana Montreal haikuweza kupelekwa baharini bila kusahihishwa.

MELI NA NDEGE

Basi ilipasa kwenda huko huko. Mwaka 1974, tangu Juni mpaka Septemba, mataifa yapatayo 70 yalishirikiana katika uchunguzi mkubwa wa Atlantiki, makao yake yakiwa Dakar, Senegali, katika Afrika yetu. Wakati mataifa ya Mashariki na Magharibi yalipokuwa yakitazamana kwa uadui, meli za Warusi na za Waamerika zilisimama katika bahari moja na kufanya kazi moja. Palikuwa na meli karibu 40 na ndege 13. Baadhi ya meli hizo zilichukua rada, zikatazama mawingu usiku na mchana.

Waligundua jambo ambalo jicho la kawaida lisingalilidhani. Mvua ya bahari haitoki tu katika yale mawingu marefu meusi yenye kishindo. Karibu sehemu mbili kwa tano ya maji ilitoka katika wingu pana na tulivu linalobaki nyuma baada ya kishindo, likinyesha polepole saa nyingi. Wakulima wetu nao wanaijua tofauti hiyo ya mvua ya kishindo na mvua ya rasharasha ndefu.

Lakini meli iko mahali pamoja, na wingu halimngojei mtu. Ndiyo maana rada ilipandishwa katika ndege. Wamarekani walitengeneza ndege mbili za aina ya P-3, zenye injini nne, zilizoanza kazi katika miaka ya 1970. Kila moja ilikuwa na rada tumboni, ya kutazama pande zote kama mtu ageuzavyo kichwa, na nyingine mkiani, ya kulipasua wingu kutoka chini mpaka juu kama mtu akatavyo mkate ili aone ndani. Katika bawa vilifungwa vyombo vya mwanga vya kupiga picha matone yenyewe yanapopita. Hivyo ndege moja iliweza kusikia mwangwi na kuyaona matone yaliyoutoa.

Kazi kubwa ilifanyika tangu Novemba 1992 mpaka Februari 1993 juu ya Pasifiki, karibu na Visiwa vya Solomon, mahali ambapo bahari ina joto kuliko karibu popote duniani. Pamoja na ndege za P-3 ilikuwapo ndege kubwa ya aina ya DC-8, iliyochukua rada iliyotazama chini. Rada hiyo ilikuwa na shabaha maalum: ilikuwa jaribio la rada nyingine ambayo ilikuwa bado kuundwa, itakayoketi juu zaidi ya ndege zote. Ilitumia mawimbi ya namna ile ile, na ilijifunza hila moja nzuri. Uso wa bahari nao hurudisha mwangwi. Mwangwi huo ukirudi dhaifu kuliko kawaida, ni kwa sababu mvua iliyo katikati imeunyonya. Basi bahari yenyewe ikawa kama mizani.

Mwishoni mwa mwaka 2011 ndege ya P-3 ilikuja pia kwenye Bahari ya Hindi, ikiruka kutoka kisiwa cha Diego Garcia, kuchunguza yale makundi makubwa ya mawingu yanayozaliwa huko na kusafiri kuelekea mashariki.

MWEZI BANDIA WENYE RADA

Wazee wetu waliozisikia habari za mwaka 1957 walijifunza jina la mwezi bandia, yaani satelaiti. Tarehe 28 Novemba 1997, kutoka kisiwa cha Tanegashima, Japani ilirusha satelaiti iliyoitwa TRMM, kazi ya Wajapani na Wamarekani pamoja. Ndiyo ya kwanza kuchukua rada ya mvua. Iliruka kimo cha kilometa 350, baadaye 402, ikizunguka juu ya nchi za joto tu. Ilitazamiwa kuishi miaka mitatu. Ilifanya kazi miaka 17, mpaka Aprili 2015. Mwezi wa Juni mwaka huo iliungua angani ilipokuwa ikianguka juu ya upande wa kusini wa Bahari ya Hindi. Nyingine, iitwayo GPM, ilikuwa imekwisha rushwa Februari 2014 kushika nafasi yake.

Tazameni tarehe ya kurushwa kwake. Ilikuwa katika majuma yale yale ambayo Afrika ya Mashariki ilizama tena katika mafuriko kama ya mwaka 1961. Safari hii lilikuwapo jicho la kuitazama mvua ya bahari.

Jicho hilo lilipita pia juu yetu. Satelaiti hiyo ilichukua chombo cha kuhesabu umeme wa radi. Hesabu ya miaka 16 ilipotangazwa mwaka 2016, mahali pa kwanza kwa radi katika Afrika nzima palikuwa Kabare, katika Kivu ya Kusini, na miongoni mwa mahali pa mbele kabisa lilikutwa jina la Sake, mlango wa Masisi. Mambo waliyoyasema wazee wetu kwa hofu, chombo kimeyathibitisha kwa tarakimu.

KIPIMO CHA BAHARI JUU YA KONGO

Je, kazi imekwisha? Msomaji aweza kufikiri kwamba, kwa kuwa satelaiti zaona kila mahali, chombo cha Castelli chaweza kutupwa. Sikilizeni yaliyotokea.

Kutokana na hesabu za mwaka 1974 za bahari ya Dakar, wataalamu walikuwa wametengeneza kanuni nyepesi kwa satelaiti zisizo na rada, zile zipimazo joto la mawingu: wingu ambalo kilele chake ni baridi kupita kiwango fulani lihesabiwe kuwa lanyesha milimita 3 kwa saa. Baharini kanuni hiyo ilifaa. Wakaitumia na juu ya Kongo. Mwaka 2000 McCollum na wenzake walilinganisha hesabu hiyo na vyombo vichache vya kupimia mvua vilivyokuwapo katika Afrika ya kati. Wakaona satelaiti yatoa mvua karibu mara mbili ya ile iliyoingia katika vyombo. Mawingu ya Kongo ni marefu na baridi kileleni, yana radi nyingi, lakini hayatoi maji kwa kadiri ya mawingu ya baharini yanayofanana nayo kwa juu. Sehemu ya matone hukauka angani kabla ya kugusa udongo.

Na rada ya satelaiti je? Ni bora kuliko kanuni hiyo, lakini milimani nayo hupata taabu. Bahari ni tambarare, na mwangwi wake unajulikana. Milima ya Masisi hurudisha mwangwi kwa fujo, ikificha ile mvua iliyo karibu na ardhi, ambayo ndiyo mkulima aitakayo. Tena satelaiti hupita na kwenda zake. Haikai juu ya Mweso kungoja wingu lipasuke.

Ni nani basi aliyelifunua kosa la mara mbili? Si chombo kikubwa kuliko satelaiti, bali kopo lililosimama juu ya kigingi, na mtu aliyelisoma asubuhi.

Mtu huyo amekuwa adimu. Baada ya mwaka 1960 vituo vingi vya Kongo vilinyamaza kimoja baada ya kingine. Katika Masisi na Walikale vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwafukuza watu vilimani mwao mara nyingi kupita kuhesabu. Mtu anayekimbia na watoto wake usiku habebi daftari la mvua. Ndivyo nchi yenye watu wengi namna hii ilivyogeuka, machoni pa elimu ya hewa, kuwa kama bahari: mvua yaanguka, na hakuna aandikaye.

Hayo si mambo ya wenye elimu peke yao. Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa iliteremka juu ya milima ya Kalehe, jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Masisi. Maji, mawe na matope yalizifagia Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Hatusemi kwamba kopo moja la mvua lingaliyazuia maji hayo. Lakini hakuna anayeweza kuwaonya watu wa bondeni juu ya hatari ya mlima wao kama hajui mlima huo hupokea kiasi gani kwa kawaida, na kiasi gani ni cha kutisha. Onyo huanza na daftari.

KAZI YA MIKONO YETU

Wasomaji wapenzi, Kitabu cha Ayubu chatukumbusha kwamba mvua ina njia zake mbele ya Mungu, hata jangwani pasipo mtu. Kupima si kushindana na Muumba. Castelli alikuwa mtawa. Alipima kwa sababu watu wa ziwani walikuwa na wasiwasi, akaona ni upendo kuwapa jibu la kweli badala ya uvumi.

Shule ya parokia yaweza kufanya alivyofanya yeye. Chombo chenye mdomo na kitako cha upana mmoja, kikiwekwa wazi mbali na miti na paa, na rula ya milimita ya kupimia kina cha maji, daftari moja, na mtoto mmoja baada ya mwingine kwa zamu, saa ile ile ya kila asubuhi, hata Jumapili, hata siku isiyonyesha, maana sifuri nayo ni habari. Baada ya mwaka mmoja watakuwa na tarakimu ambazo satelaiti haiwezi kuzipata peke yake. Baada ya miaka kumi kilima chao kitakuwa kimetoka baharini na kurudi nchi kavu.